Matt Talbot na fidla aliyoiuza



Leo Kanisa linaadhimisha Sherehe ya Utatu Mtakatifu. Masomo ya siku utayasikia parokiani kwako na mahubiri utayapata huko huko, kwa hiyo hapa sitayarudia. Nataka kukusimulia habari za mtu aliyekufa siku ya sherehe hii hii, Jumapili tarehe 7 Juni 1925, katika kichochoro kiitwacho Granby Lane mjini Dublin, nchini Ireland. Alikuwa anakwenda Misa katika kanisa la Wadominiko lililo jirani na hapo. Aliishiwa nguvu akaanguka, wapita njia wakamzunguka, akakata roho palepale. Maiti ilipelekwa hospitali ya Jervis Street, na walipoivua nguo wakakuta minyororo imefungwa mwilini, ya aina ambayo zamani baadhi ya waamini waliivaa kwa siri kama malipizi. Ndipo watu wakaanza kuulizana mzee huyu ni nani.

Alikuwa Matt Talbot, mwenye miaka 69, kibarua wa yadi ya mbao. Hakuandika kitabu, hakuanzisha shirika, hakuoa, na jina lake halikuwa limewahi kutajwa katika gazeti lolote la maana. Lakini mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alitamka rasmi kwamba kibarua huyu aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, na leo walevi wengi duniani wanaotaka kuacha pombe humtaja katika sala zao.

Nimemkumbuka kwa sababu ya muumini mmoja aliyenifuata sakristia Jumapili chache zilizopita akiwa amekasirika. Alikuwa akija na familia yake Misa ya kwanza, askari wa usalama barabarani wakamsimamisha, wakampulizisha kile kifaa cha kupima ulevi, kikasema amelewa. Alichoshindwa kuelewa ni kwamba asubuhi ile hakuwa amegusa hata tone. Alikunywa jana yake usiku, kwenye sherehe ya ubarikio wa mtoto wa dada yake, akaacha saa sita, akalala vizuri, akaamka, akaoga, akanywa chai. Aliona kifaa ni kibovu au askari wana njaa. Nilimsikiliza nikatambua kwamba hata mimi, pamoja na miaka yote ile ya falsafa na teolojia, hesabu yake siijui. Nikaenda kuwauliza wanaojua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye asilimia 5 ya kilevi, imebeba karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Kwa mwanamume wa kilo 70, kilevi hicho kikishaingia kwenye damu hufikia takriban miligramu 40 katika kila mililita 100. Chupa mbili za harakaharaka humfikisha 80, na hapo ndipo sheria yetu ya usalama barabarani inapoweka kikomo kwa dereva wa kawaida. Mwanamke wa kilo 60 hufika karibu 60 kwa chupa moja tu, maana kwa kawaida mwili wa mwanamke una maji kidogo zaidi ya kukizimua kilevi. Kisha kazi inabaki kwa ini, nalo lina mwendo wake: kama miligramu 15 kwa saa, kwa wastani. Haliharakishwi na kahawa, wala kuoga maji baridi, wala ile supu ya mbuzi tunayoiamini sana asubuhi. Supu humfanya mtu ajisikie ameamka, lakini kilevi kilichomo ndani ya damu hakijui kwamba umekunywa supu.

Basi muumini wangu, kwa kukiri kwake mwenyewe, alikunywa bia sita kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Saa sita alipoweka glasi chini alikuwa na kama 180. Ondoa 15 kila saa mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipowasha gari lenye mke na watoto watatu. Bado zilikuwamo zaidi ya 80. Hizi ni hesabu za wastani, watu hutofautiana kwa umbile, kwa chakula walichokula, kwa umri na kwa afya. Lakini kifaa hakikuwa kibovu.

Matt Talbot hakuishi katika zama za vifaa hivyo. Msomi wa Sweden, Erik Widmark, aliyetupatia njia ya kukadiria kilevi katika damu kwa kutumia uzito wa mtu na kiasi alichokunywa, alichapisha kazi yake kubwa mwaka 1932, miaka saba baada ya Matt kuzikwa. Hata hivyo, ukiyatazama maisha ya Matt ukiwa na hesabu hii mkononi, mambo mengi yanaeleweka ambayo wasimulizi wa zamani waliyapita haraka.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya kumi na wawili wa Charles Talbot na mkewe Elizabeth. Walikuwa maskini, wakihama chumba hadi chumba kwenye mitaa ya kaskazini ya Dublin. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandari, na alikuwa mnywaji. Wanawe wa kiume karibu wote walifuata nyayo hizo. Matt alisoma kidogo tu kwa Mabruda, na alipofika miaka 12 akaacha shule akaajiriwa na kampuni ya E. & J. Burke, wafanyabiashara wa mvinyo waliokuwa wakijaza pia bia nyeusi ya Guinness kwenye chupa. Mtoto wa miaka 12, siku nzima katikati ya chupa. Alianza kwa kuonja masalia. Kabla hajamaliza miaka miwili alikuwa mlevi.

Tuseme mtoto huyo alikuwa na kilo 35. Chupa moja ya nusu lita, kwa hesabu ileile, inamvusha palepale kikomo ambacho sheria imemwekea dereva mtu mzima. Na ubongo wa mtoto bado unajengwa. Kilevi kinapouzoea unabaki umezoea. Wataalamu wa leo wanasema kwamba kadiri mtu anavyoanza kunywa mapema ndivyo hatari ya kuwa mtumwa wa pombe inavyokuwa kubwa. Huko Dublin mwaka 1868 hakuna aliyeliona hilo. Baba yake alipogundua alimchapa, kisha akamtafutia kazi palepale bandarini ili amwone kwa macho. Ila bandarini kulikuwa na maghala ya wiski. Kijana akahama kutoka kwenye bia akaingia kwenye wiski.

Tusiwacheke Waayalandi. Nimekaa kwenye meza za sherehe za ubarikio na za kipaimara, huku mtoto aliyetoka kupakwa krisma takatifu saa nne zilizopita akipewa kata ya mbege aonje, na wajomba wakicheka anavyokunja uso. Kwingine ni ulanzi, kwingine bia yenyewe. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017 wengi tulishangilia, maana vilikuwa vinaingia hadi kwenye mikoba ya shule. Kata ya mjomba haijapigwa marufuku na mtu. Na nikubali kosa letu pia: katika parokia zetu nyingi, siku ya somo wa parokia ikikaribia, kamati hujadili kreti za vinywaji kabla haijajadili kwaya. Nimeongoza vikao hivyo, na sikuwahi kuuliza watu watarudije nyumbani.

Matt akawa mbeba matofali wa waashi. Wasimulizi wanasema alikuwa kibarua hodari na ni mara chache sana alikosa kazini, na baadhi yao wanashangaa iwezekanaje kwa mtu aliyekunywa kiasi kile. Si ajabu. Mwili uliozoea pombe huacha kuyumba mapema. Mlevi mzoefu anaweza kusimama wima na kuongea vizuri akiwa na kilevi ambacho kingemlaza mtu mwingine chini. Damu yake imejaa vilevile. Kilichopungua ni dalili. Ndiyo sababu wale wanaojisifu kwamba wao pombe haiwashindi ndio ninaowahofia zaidi wanapoomba ufunguo wa gari. Kiungo kinachotakiwa kutuambia tumefika kiasi ndicho cha kwanza kulewa.

Mshahara wa wiki ulikwenda baa. Ulipoisha alikunywa kwa mkopo. Mkopo ulipokataliwa aliweka viatu vyake rehani. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla mwanamuziki maskini aliyekuwa akipiga mitaani kwa sadaka za wapita njia, wakaiuza, wakainywa. Pamoja na hayo yote alikuwa mtu wa watu: akiwa na hela, kila mtu alikunywa.

Siku moja ya mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na kitu. Alikuwa hajafanya kazi wiki ile, na hakuna aliyekuwa tayari kumkopesha tena. Alisimama nje ya baa ya mtaani kwao na ndugu yake, wakijua kwamba wenzao watatoka kulipwa na kupita pale, na kwamba mmoja wao hatakosa kuwakaribisha. Wenzao walipita. Walisalimia, wakaingia ndani. Hakuna aliyewakaribisha. Hawa ndio waliokunywa kwa hela yake miaka yote. Matt aliumia kuliko angepigwa ngumi. Aligeuka akarudi nyumbani, akamkuta mama yake anaandaa chakula, naye akashangaa kumwona mapema vile, tena hajalewa. Akamwambia mama anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, ambaye alikuwa ameshaona ahadi za wanaume wengi katika nyumba ile, alimsihi asiende kama hana nia ya kuishika.

Nchi ya Ireland ilikuwa na desturi hiyo ya ahadi tangu mwaka 1838, Padre Theobald Mathew, Mkapuchini, alipoanza kampeni yake mjini Cork. Matt alikwenda seminari ya Clonliffe, akaungama baada ya miaka mingi, na padre akamwekea ahadi. Hapa napapenda sana. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha akaongeza mingine, na mwishoni ndipo akaahidi mpaka kufa. Sisi mapadre tuna tabia ya kumdai mtu milele siku ya kwanza. Mtu anatoka kwenye kitubio akitetemeka, tunampa mzigo wa miaka arobaini aubebe mara moja.

Miezi ile mitatu ilikuwa ya mateso. Lazima niseme jambo hapa, maana kuna wasomaji watakaotaka kumwiga kesho asubuhi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, mwili wake unaweza kumgeukia: kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupata degedege na kufa. Vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha vilianzishwa Marekani mwaka 1935, miaka 51 baada ya ahadi ya Matt, na dawa za kumtuliza mtu katika siku zile za kwanza hakuwa nazo. Wewe unazo. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa, kisha njoo kwa padre. Ukianza kwa padre, naye anapaswa kukupeleka kwa daktari.

Kilichomsaidia Matt, mbali na neema ya Mungu ambayo yeye mwenyewe aliitegemea kwa yote, ni kwamba hakuuamini utashi wake hata kidogo. Alijua saa za hatari, yaani jioni baada ya kazi, akazijaza. Alitembea mbali na mitaa yenye baa zake, na miguu ikichoka aliingia kanisani akakaa hadi baa zifungwe. Kila asubuhi kabla ya kazi alihudhuria Misa. Kuna siku nguvu zilimwishia. Akiwa na hela mfukoni aliingia baa, akasimama kaunta akisubiri kuhudumiwa. Muuzaji alikuwa na wateja wengi, akampita, akampita tena. Matt akaudhika, akatoka, akaenda zake kanisani. Tangu hapo aliazimia kutotembea na fedha mfukoni. Uamuzi huo mdogo wa mfuko mtupu mimi nauthamini kuliko minyororo ambayo watu hupenda kuisimulia.

Minyororo na ubao wa kulalia alivipokea chini ya uongozi wa kiroho, baadaye sana, na havikuwa tiba ya ulevi wake. Padre yeyote mwenye busara leo angefikiri mara mbili. Kuhusu maisha yake mengine nitapita upesi. Aliacha pia tumbaku, aliyokuwa akiivuta mno. Alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1890. Yeye aliyeacha shule mapema alijifunza kusoma vitabu vigumu vya watakatifu, polepole, akiuliza maana kwa waungamishi wake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye yadi ya mbao ya T. & C. Martin. Katika mgogoro mkubwa wa wafanyakazi wa Dublin wa mwaka 1913 alikuwa pamoja na wenzake, na alichopata aliwagawia wenye watoto. Aliishi na mama yake hadi mama alipofariki mwaka 1915. Alikula mkate mkavu na kakao isiyo na sukari. Hela iliyobaki ilikwenda kwa maskini na kwa wamisionari. Hakuwahi kuwahukumu wanywaji wenzake, na kwa miaka 41 hakuonja.

Wapo watakaoniuliza kama basi Kanisa linakataza pombe. Hapana. Bwana aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, haikuishia kwenye kukemea ulevi kwa jumla. Inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Ni suala la kuungama, ndugu zangu, hata kama hukugonga mtu. Nimesikia maungamo ya watu wengi waliokosa Misa kwa uvivu. Wa kuungama kwamba aliendesha gari akiwa amelewa na Mungu akamfikisha, sikumbuki nimempata lini. Yule muumini wangu alilipa faini, na sikukuu iliyofuata familia ilikuja na bajaji.

Nimalizie na deni. Matt alipoacha pombe aliyataja kichwani madeni yake yote ya baa akayalipa moja moja, akiingia kwenye zile zile baa kwa muda wa kuweka hela kaunta na kutoka. Yalimchukua muda mrefu. Lakini lilikuwapo moja ambalo halikuwa na kaunta, la yule mwanamuziki. Ukimwibia mtu wa namna ile fidla umemnyang'anya riziki yake yote, na Matt alilijua hilo vizuri zaidi kadiri akili yake ilivyozidi kutakata. Alianza kumtafuta. Aliuliza mitaani, akaenda kwenye nyumba za kulelea maskini, akazunguka Dublin nzima mwaka baada ya mwaka akitazama nyuso za wazee wanaoomba. Hakumpata. Mwishowe alizichukua fedha alizokuwa amemwekea, akazipeleka kanisani, akaomba Misa zisomwe kwa ajili ya mtu huyo, awe hai au awe amekufa, yeye hakujua.